Mpunga Pori wa Baba Mkwe

Kwanza vueni mabuti.

Najua ni mapya na mnapendeza nayo, lakini palizi ya mpunga pori haifanywi kwa mabuti. Jicho litakudanganya, maana mpunga pori ukiwa mchanga unafanana na mpunga wenyewe kama watoto wa mama mmoja. Kinachoujua ni kidole cha mguu. Unaingia majini taratibu, unakanyaga kando ya shina, unazungusha kidole gumba ndani ya tope. Mpunga wetu una mizizi laini kama ndevu, imekusanyika mahali pamoja. Mpunga pori una kamba. Ndivyo tulivyoliita lile shina jeupe linalotambaa chini ya udongo, lenye vifundo, na ncha kali kama sindano ya kushonea magunia. Ukiikanyaga hutauliza ni nini. Utaruka.

Mtasema, na ruba je? Ruba akishiba anaondoka mwenyewe. Kamba haishibi.

Mliniomba nije kuzungumza nanyi kabla msimu haujaanza. Kuzungumza mbele ya watu siwezi. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu akiita jina langu nilikuwa nanyoosha mkono tu bila kutoa sauti, ndiyo maana kuna siku nyingi niliandikwa kwamba sikuwepo, na mimi nimekaa dawati la mbele. Kwa hiyo nimeandika. Nimeandika polepole, mtasoma haraka, tutakuwa tumelingana.

Nilianza vibarua vya palizi nilipomaliza darasa la saba, na nimeacha mwaka huu kwa sababu magoti yamekataa. Nimeinama Makwale, nimeinama Ipinda, nimeinama mpaka mashamba ya chini karibu na Matema ambako ukiinua kichwa unaona ziwa. Sikuinua sana. Aliyenifundisha ni mama Sekela, aliyekuwa anaongoza kikundi chetu cha wanawake na mwanaume yeyote aliyeweza kuvumilia. Mama Sekela hakupokea mtu mpaka amjaribu. Alikufunga macho kwa kanga, akakuingiza kwenye jaruba, akakuambia utembee na uchague kwa miguu. Ukikosea alikuambia, "Ndaga, asante, mwanangu, nenda nyumbani, ukirudi uje na miguu mingine."

Aliwahi kuja kijana mmoja, Lugano, akakataa kufungwa macho. Akasema yeye amezaliwa kwenye mpunga. Akapewa sehemu yake, akaimaliza sisi wengine tukiwa hata hatujafika katikati, akakaa kwenye kingo akipiga mluzi. Mama Sekela akaenda kuangalia. Lugano alikuwa ameng'oa mpunga wote wa mwenye shamba na kuuacha mpunga pori, tena kwa nafasi nzuri, safi kabisa.

"Lugano," mama Sekela akamwambia, "kazi ni nzuri. Umempalilia adui."

Sasa Lugano anaendesha bodaboda pale Ipinda. Kila akiniona ananibeba bure ili nisisimulie. Lugano, baba, nisamehe. Nitaanza kulipa.

Makosa ya Lugano ni ya kila siku, na yanarekebishika. Ninachotaka kuwasimulia ni kosa kubwa kuliko hilo, na lilifanywa na mtu makini kuliko wote niliowahi kuwajua, yaani baba mkwe wangu. Jina lake sitalitaja. Litafuteni humu mpaka mwisho, hamtalipata.

Nilipoolewa Makwale nilimkuta baba mkwe. Au niseme sikumkuta, maana ndiyo desturi. Wengine wenu mmelelewa mjini, kwa hiyo nieleze. Kwetu mkamwana hakutani na baba wa mume wake. Hamwangalii, hamsalimii, hatamki jina lake, hapiti naye njia moja. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani. Kwa Kinyakyusa tunaita kutila, na ni heshima, si ugomvi. Siku hizi zipo familia zimelegeza, mkamwana na baba mkwe wanapiga picha ya harusi wameshikana mabega. Familia yangu haikulegeza. Mimi baba mkwe nilimjua kwa kikohozi, kwa mwavuli mweusi alioubeba jua na mvua, na kwa mbwa wake aliyeitwa Meneja. Meneja alimtangulia kila alikokwenda. Nikimwona Meneja anakuja na mkia wake, nilijua nina muda wa kujificha. Alikuwa mbwa wa maana sana.

Baba mkwe alikuwa mtu wa kakao. Kakao aliijua kweli. Aliivunja punje kwa meno, akasikiliza inavyolia, akakuambia kama imekauka, na wanunuzi walimwamini yeye kuliko vipimo vyao. Mpunga alikuwa nao pia, jaruba kubwa juu ya letu, ila aliwaachia vibarua. Msimu mmoja akatangaza nyumbani kwamba vibarua basi, atapalilia mwenyewe.

"Palizi ni nini?" alimwambia mama mkwe, naye akaja kuniambia. "Palizi ni kuchagua. Kwenye kitalu cha kakao unaacha mche wenye nguvu, dhaifu unang'oa. Sasa mpunga una ajabu gani?"

Mnaona hatari ilipo. Upande wa chini wa jaruba lake, pale maji yanapotuama, palikuwa na mashina ya mpunga pori. Na mpunga pori ukiwa mchanga ndio unaopendeza kuliko wote. Ni mnene, ni wa kijani, unatoa machipukizi mengi, maji yakijaa hauhangaiki. Kando yake Kilombero ya watu, ile mbegu yetu ya mpunga, inaonekana kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Baba mkwe akachagua. Aling'oa Kilombero yote ya sehemu ile, kwa mkono wake. Kisha akayagawanya yale mashina yenye nguvu, akayapanda upya kwenye ukanda wa mbele, kando ya njia, ili wapitao waone. Akayapanda kwa mistari, akiwa amefunga kamba ya katani kabisa. Mistari ilinyooka. Sijawahi kuona mistari ya mpunga iliyonyooka vile, na ilikuwa mpunga pori mtupu.

Mimi niliona siku moja nikipita na ndoo kichwani. Nilisimama mpaka maji yakaanza kunimwagikia shingoni.

Maana jaruba letu mimi na mume wangu Gwakisa lilikuwa pale pale chini. Tulitenganishwa na kingo moja yenye matete juu yake, na maji yetu yalitoka kwake. Lile jaruba tulipewa likiwa limejaa kamba. Tulilisafisha kwa viangazi kadhaa, na hapo ninyi sikilizeni vizuri, kwa sababu hakuna njia ya mkato. Mpunga ukishavunwa na udongo ukikauka, unapindua mabonge makubwa kwa jembe, unayaacha jua liyachome, unarudi unayapindua tena. Kamba zinazojitokeza unaziokota zote, unazirundika mahali pakavu, unazichoma. Usizitupe kwenye kingo. Usizitupe mferejini. Kifundo kimoja kikiangukia tope ni shamba jipya. Na usiruhusu pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, iingie kwenye tope lenye kamba, itazikatakata vipande, na kila kipande kitashukuru na kuota. Hata pawatila ya kukodi, kabla haijaingia kwako, oshea magurudumu na majembe yake nje ya jaruba. Mwenye nayo atakununia. Mwache anune.

Tulifanya hivyo mpaka tukafika mahali kidole changu cha mguu kinatembea jaruba zima bila kuruka. Na sasa juu yetu mzee amepanda mistari. Mpunga pori ukishika masuke, punje zake haziwangoji wavunaji. Zinapukutika zenyewe zikiguswa na upepo, zinaingia majini, na maji yanakuja kwetu. Zaidi ya hapo, baba mkwe alikuwa ameshaahidi kwamba mpunga ule ndio utakuwa mbegu ya watoto wake wote. Sisi tungepewa wa kwanza kwa kuwa ni majirani.

Nikamwambia Gwakisa aende kwa baba yake.

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba ule ni mpunga pori."

Gwakisa akatazama juu kwenye paa kama anayetafuta mahali panapovuja. "Mke wangu," akasema, "baba yangu hata akikosea njia ya kwenda kanisani, tunamfuata huko huko alikokwenda. Mimi nimwambie mpunga wake ni majani?" Kesho yake akakumbuka ana kazi ya kusaidia kupakia ndizi Ipinda, akaenda, na kazi hiyo haikuisha haraka.

Nikaenda kwa mama mkwe. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua mboga yake, akasema, "Juba, mama, tangu apate huo mpunga anatoka asubuhi anarudi jioni. Hajagusa sufuria yangu kuuliza kwa nini mboga ina chumvi. Niachie kidogo."

"Lakini mama, masuke yakitoka..."

"Basi yakitoka, utanikumbusha."

Yakatoka. Marefu, yenye ndevu nyekundu, yanayumba vizuri sana. Ndevu hizo ndiyo alama ambayo hata mwenye mabuti ataiona, lakini ukiiona umeshachelewa, zimebaki siku chache punje zianze kuanguka. Baba mkwe yeye alizifurahia. Nilisikia amewaambia wazee wenzake wa kanisani kwamba ndevu ndizo zinazoshika harufu, na kwamba Jumapili baada ya ibada waje wote waone mchele wa Kyela unavyotakiwa kuwa. Mnajua sisi na harufu ya mchele wetu. Huko Dar es Salaam kila gunia linaitwa Kyela, hata lile ambalo halijawahi kuvuka Mbeya. Sasa hapa Kyela kwenyewe tulikuwa tunakaribia kula punje nyekundu zinazovunjika kinuni, tukiziita mbegu bora.

Na upepo wa mwera ulishaanza kujaribu jaribu kutoka ziwani.

Nikamwendea mama Sekela. Akafikiri. "Mpigie simu," akasema.

"Sauti yangu si ni mimi? Nitakuwa nimeongea naye."

"Basi mbipu."

"Nikimbipu atajua nini? Kwamba mpunga wake ni majani?"

Mama Sekela akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema neno lililoniokoa. "Wewe usiseme naye. Sema na mimi. Sikio lake likisikia, hilo ni kosa la sikio."

Asubuhi yake kikundi kizima kikaja kwenye jaruba letu, eti kupitia palizi ya mwisho. Baba mkwe alikuwa upande wa pili wa matete. Nilikuwa naona kilele cha mwavuli tu, kimesimama. Tukainama. Mama Sekela akanikonyeza.

"Mama Sekela," nikasema, "hivi mpunga pori unatambulikaje?"

"Paza sauti, nipo hapa na sikusikii."

"Mama Sekela! Mpunga pori unatambulikaje?"

"Aa! Umeuliza jambo zuri sana, mwanangu!" Akawa kama anahutubia mkutano. "Mpunga pori ni mnene! Ni wa kijani kuliko mpunga wenyewe! Mtu asiyeujua anaweza kuupenda!"

"Anaweza hata kuupanda?"

"Kuupanda! Tena kwa mistari!"

Wanawake wote wakainamisha vichwa ndani ya mpunga, mabega yanatikisika. Kutoka upande wa pili kikaja kikohozi.

"Meneja," baba mkwe akasema.

Mbwa akaja, nilisikia maji yanaruka.

"Meneja, wewe ni mnyama lakini nakuuliza. Mpunga wa mtu ukikataa, majirani wanasema pole. Ukikubali, wanasema ni majani. Hiyo unaionaje?"

Meneja hakuwa na maoni.

"Mama Sekela!" nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. "Na ndevu je? Nasikia ndevu ndizo zinazoshika harufu!"

"Harufu? Labda ya mbuzi! Mbuzi naye ana ndevu!"

"Meneja," akasema baba mkwe, "usiwe na wivu. Wivu unamkondesha mbwa."

Mama Sekela akajiweka sawa amjibu, naona ana neno kali, nikamshika mkono. Tungeshindana kwa maneno mpaka mwera uje na punje zote zianguke. Nikatafuta neno ambalo mtu wa kitalu angelipokea. "Mama Sekela, kwa nini watu wabishane? Si mtu anachimba tu pembeni ya shina, anatazama? Kakao yenyewe inapasuliwa ndipo ijulikane ndani ikoje."

"Si avute tu?"

"Asivute! Akivuta, kamba inakatikia chini. Atatoka na shina peke yake, aseme mnaona, haina kamba. Achimbe taratibu, kwa mkono, aifuate inakokwenda."

Mwavuli ukafungwa. "Meneja, twende nyumbani. Hapa pana kelele."

Mchana wenzangu wakaenda mtoni kunawa. Mimi nikabaki na sahani yangu ya ndizi za kuchemsha na usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimekaa kwenye kingo yetu, mgongo kwenye matete. Nilikuwa na amani, kwa sababu Meneja alikuwa pale pale mbele yangu, amelala, anasubiri vichwa vya usipa. Kwa akili yangu, Meneja akiwa hapa, mwenyewe yuko nyumbani. Sikujua kwamba mbwa huyu kwa usipa anamwacha hata bwana wake.

Baba mkwe alikuwa amerudi peke yake kwa njia ya juu, anachimba. Alichimba kwa mkono, taratibu, kama alivyosikia. Akaipata kamba. Akaifuata. Amejikunja, uso karibu na tope, anaiinua kidogo kidogo kama anayemfungua mbuzi aliyejizungusha kwenye mti, kutoka kwenye mstari wake wa mwisho, ikapita chini ya kingo, akaingia nayo kwenye matete.

Mimi nikasikia matete yanalia nyuma yangu. Nikageuka. Nikaona mkono. Baada ya mkono ikaja kofia.

Migomba ilikuwa mbali. Mbele yangu maji. Nikafanya lililowezekana, nikavuta kanga nikajifunika kichwa chote mpaka magotini, nikatulia nikiwa kama chungu kilichofunikwa jikoni. Kwa ndani nilisikia anahema. Kamba ilipanda kutoka kwenye tope karibu na mguu wangu, nikaisikia inanigusa, na chini ya pindo la kanga nikaona nchani mwake chipukizi la kijani. Lilikuwa upande wetu. Kwenye jaruba letu safi.

Alisimama. Najua aliniona, chungu hakivai kandambili. Najua pia alimtafuta Meneja kwa macho ili aseme naye, lakini Meneja alikuwa ameshaona watu wamekutana, ameondoka na usipa wangu. Mzee wa watu hakuwa na wa kumwambia. Akakohoa. Mwishowe akaiambia sahani yangu ya ndizi:

"Imeshavuka."

Na akaondoka.

Wenzangu waliporudi walinikuta bado nimejifunika. Mama Sekela akainua pindo la kanga akachungulia. "Uko hai?" Nikamwonyesha kamba. Hatukucheka wakati huo.

Alasiri baba mkwe akaja tena, na safari hii hakujificha nyuma ya matete. Alikuja na mundu, na magunia, na mwavuli umefunguliwa, jua likiwa la kawaida tu, ameulaza upande wangu kama ukuta. Akasimama kwenye njia.

"Meneja," akasema, "waulize hao wanaojua. Tunakata masuke kwanza, au tunachimba kwanza?"

Mama Sekela akafungua mdomo. Nikamwahi. "Mama Sekela! Masuke kwanza! Mtu ashike gunia chini ya suke ndipo akate, asilitikise! Kuchimba kutasubiri kiangazi, udongo ukikauka!"

"Meneja, na dawa je? Madukani kuna dawa."

"Mama Sekela! Dawa inayoua mpunga pori inaua na mpunga, hao ni ndugu, dawa haiwajui! Hiyo mtu anapiga kabla hajapanda, majani yakiwa yameota, si sasa!"

"Meneja, umesikia? Tukate."

Tukaanza. Yeye alianzia upande wa njia, mimi upande wa matete, wenzangu katikati. Tatizo likawa mwavuli. Mkono mmoja una mundu, mwingine una gunia, na heshima lazima ibaki. Baba mkwe akaingiza mpini wa mwavuli ndani ya kola ya koti, mgongoni, ukasimama wenyewe juu ya kichwa. Alipoinama, mwavuli nao ukainama. Ukayapiga masuke ya mstari wa mbele kama mtu anayepura, punje zikaanza kudondoka majini tap tap tap.

"Meneja!" mama Sekela akapiga kelele. "Mwambie bosi wako mwavuli unapukutisha!"

Kila mtu akasimama. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, lakini nilijua kilichokuwa kinaendelea kwa kutazama nyuso za wenzangu. Akiufunga mwavuli, yuko wazi shamba moja na mkamwana wake, mbele ya watu. Akiuacha, mbegu inaanguka. Upepo ukapita juu ya masuke, ndevu zikalala upande mmoja.

Nikasikia mwavuli unafungwa.

"Meneja," akasema, polepole, "mimi nitageuka. Kila mtu ajitazame mbele yake."

Basi tukakata tumepeana migongo, tukirudi kinyumenyume, yeye kutoka kwake na mimi kutoka kwangu, kuelekea katikati. Jaribuni siku moja kukata mpunga kinyumenyume kwenye tope. Mama Sekela akawa kama utingo anayeliingiza lori kwenye kituo. "Njoo! Njoo! Kushoto kidogo, baba! Wewe binti simama, simama, acha hilo suke! Njoo!" Wenzangu walikuwa wanakata na kulia kwa kucheka, na magunia yanajaa. Tulipokaribiana yakabaki mashina machache tu kati ya mgongo wake na mgongo wangu. Mama Sekela akasema, "Hapo hapo." Tukasimama.

Nikasikia mzee anavuta pumzi.

"Meneja," akasema, "twende tukanywe maji. Hapa wenye kazi watamaliza."

Nikamaliza.

Jumapili wazee wa kanisani wakaja, maana walialikwa na hakuna aliyekumbuka kuwazuia. Walikuta ukanda mtupu wa mabua. Mama mkwe alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Anasema baba mkwe aliwapanga kwenye kingo, akawaambia wengi wao wamelima miaka yote bila kuujua mpunga pori vizuri, ndiyo sababu yeye aliupanda makusudi, kwa mistari, ili waone. Akawachimbia kamba. Akawaambia wasivute, wachimbe. Akawaambia habari ya dawa na ndugu. Mzee mmoja akauliza kama mtu anaweza kuutambua bila kuuona, na baba mkwe akavua viatu.

Nasikia somo lilikuwa zuri. Hakukosea hata sehemu moja.

Kiangazi alipindua ule ukanda mwenyewe, asubuhi, mimi nikipita jioni na reki kuokota kamba zilizobaki. Hatukukutana. Lakini ilitokea siku nikakuta ameweka shina moja juu ya kingo, limelazwa vizuri, na mizizi yake imeoshwa. Nikaelewa kuwa ananiuliza. Kama ni mpunga nililirudisha ardhini palipokuwa na unyevu, kama ni mpunga pori nililitupa kwenye rundo la kuchomwa. Kesho yake kulikuwa na lingine. Mengine yalikuwa na maana. Mengine nadhani alitaka tu kuona kama nitakosea.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kutazama. Nikavua kandambili. Nikatembea jaruba letu lote, kisha, kwa kuwa Meneja hakuonekana kokote, nikapanda kingo nikatembea na ukanda wake, mwanzo mpaka mwisho, kidole kwenye tope. Sikuruka.

Siku ile ile jioni mama mkwe akaja nyumbani, amebeba jogoo mwekundu kwapani, mkubwa, wa kutoka kwenye banda la ndani la baba mkwe, lile ambalo watoto hawaruhusiwi kusogelea. Akamweka chini mlangoni kwangu, akajifuta mikono.

"Huyu kuku amepotea njia," akasema.

Nikamtazama yule jogoo. "Mama, amefungwa miguu."

"Ndiyo maana amechelewa kufika."